Manifoldi ya bei nafuu na milima ya Karagwe

Wiki hii tuzungumze habari za chuma. Si chuma cha reli wala cha mabati, bali kipande kimoja kizito, chenye rangi ya kutu, kinachokaa ubavuni mwa injini ya gari, na ambacho wenye magari wengi hukifahamu siku kinapopasuka. Mafundi hukiita manifoldi ya ekzosi. Kazi yake ni kuupokea moshi wa moto kutoka katika kila silinda na kuukusanya mahali pamoja. Katika gari la kawaida moshi huo huenda zake kwenye bomba ukatoka nje. Katika gari lenye tabo hauachiliwi hivi hivi. Kwanza huzungusha gurudumu dogo lenye mapanga kama ya feni, nalo gurudumu hilo huzungusha jingine linalosukuma hewa safi kuingia kwenye injini kwa nguvu. Hiyo ndiyo tabo, na uzito wake wote unaning'inia kwenye manifoldi.

Katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, swali la kununua manifoldi gani ya bei nafuu limekuwa swali la riziki. Mwenye lori la Fuso analobebea kahawa, mwenye Hilux ya kupeleka ndizi mnadani, mwenye Land Cruiser anayekodisha kwa watu wa miradi, wote hao ni nadra kuagiza kipuri kipya kutoka kwa kampuni iliyotengeneza gari. Bei yake inaweza kumeza mapato ya msimu. Basi huingia dukani na kuonyeshwa vitu vitatu au vinne vinavyofanana kwa macho, na hapo ndipo wengi wanapoumia. Lakini swali hili lina historia, tena ndefu kuliko gari lenyewe, na anayeifahamu si rahisi kudanganyika.

Tuanze na mlima. Ukitoka Bukoba ukafika Kyaka, jirani na daraja la Mto Kagera, uko bondeni, mita elfu moja na mia na ushei juu ya usawa wa bahari. Kutoka hapo unaanza kupanda kwenda Bugene na Kayanga, na nyanda za juu za Karagwe zina sehemu nyingi zilizo kati ya mita 1,500 na 1,800. Hewa ya huko ni nyepesi. Wahandisi hukadiria kwamba injini isiyo na tabo hupoteza kama asilimia 10 ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 inazopanda. Maana yake injini iliyopimwa kiwandani ikaonekana ina nguvu za farasi 100, ikifika Kayanga imebaki na 85 au karibu na hapo, na mzigo haukupungua hata gunia moja. Tabo huirudishia injini ile hewa iliyokosekana. Ndiyo maana huku kwetu tabo si anasa ya vijana wanaoshindana mbio.

Mwenye wazo hilo alikuwa mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, aliyepata hati ya uvumbuzi mwaka 1905. Ilichukua nusu karne wazo lake kufika kwenye malori. Volvo ilitoa lori lake lenye tabo mwaka 1954. Mwaka 1962 Wamarekani walitoa magari madogo ya petroli yenye tabo, Oldsmobile Jetfire na Chevrolet Corvair Monza. Watumiaji wa Land Cruiser wanaikumbuka zaidi injini ya dizeli ya Toyota iitwayo 1HD-T, iliyotoka mwaka 1990, na baada yake 1KZ-TE ya mwaka 1993, iliyokuja katika Surf na Prado na ambayo mafundi wetu wanaijua nje ndani, kwa mema yake na kwa silinda hedi zake zinazopasuka.

Hata hivyo, kusukuma hewa ndani ya moto si jambo lililoletwa Kagera na Mzungu. Upande wa ziwani, Buhaya, mtaalamu wa mambo ya kale Peter Schmidt alifanya kazi na wazee katika miaka ya 1970, wazee waliokuwa wakikumbuka jinsi chuma kilivyoyeyushwa zamani, wakajenga tanuri na kuyeyusha tena. Mwaka 1978 yeye na mwenzake Donald Avery walitangaza katika jarida la Science kwamba wahunzi wa eneo hilo, kiasi cha miaka 1,500 hadi 2,000 iliyopita, walikuwa wakipata chuma cha pua kwa kuingiza mirija ya mivukuto ndani kabisa ya tanuri, ili hewa ipate moto kabla ya kuufikia mkaa. Wataalamu wengine walibishana nao juu ya hiyo hewa ya moto, na ubishi huo uliendelea kwa miaka. Lakini kwamba chuma kilifuliwa huku, na kilifuliwa kwa ustadi, hakuna aliyebisha.

Kwa Karagwe yenyewe, chuma kilikuwa jambo la ufalme. Speke na Grant walipofika kwa Mfalme Rumanyika huko Bweranyange mwezi Novemba 1861, na Stanley alipofika mwaka 1876, walikuta himaya iliyoheshimu vitu vya chuma kama wengine wanavyoheshimu dhahabu. Stanley aliacha maelezo ya nyumba ya hazina yenye mikuki na ng'ombe waliofuliwa kwa chuma na shaba. Nyundo na fuawe zilikuwa miongoni mwa alama za utawala. Kwa Wanyambo, mtawala na mhunzi hawakuwa mbali. Nalitaja hili kwa sababu leo kijana akisimama dukani Omurushaka na kuulizwa chuma hiki ni kizuri au kibaya, hutazama rangi ya boksi.

Sasa turukie wakati wa magari, maana hapo ndipo tabia yetu ya kununua spea ilipoundwa.

Itakumbukwa kwamba mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalivamia eneo la kaskazini ya Mto Kagera, na siku chache baadaye daraja la Kyaka likalipuliwa. Vita vilipogeuka, kikosi kimoja cha jeshi letu kilivukia Murongo, ambayo leo imo katika Wilaya ya Kyerwa, kuelekea Mbarara, mji uliotekwa Februari 1979. Vita ile ilikwenda kwa magurudumu. Malori na mabasi ya raia na ya mashirika yalichukuliwa kubeba askari na vyakula, na hayakurudi kama yalivyokwenda. Mwaka huo huo bei ya mafuta duniani ikapanda, na nchi ikaishiwa fedha za kigeni. Kumbuka pia kwamba vyama vya ushirika, vilivyokuwa na malori na gereji zao, vilikuwa vimevunjwa mwaka 1976. Kwa hiyo mkulima wa kahawa wa Karagwe aliingia miaka ya 1980 akiwa na kahawa nyumbani, barabara mbovu ya vumbi na tope, na lori lililosimama juu ya mawe likingoja spea.

Spea za wakati ule hazikuwa za kuchagua. Uagizaji wa magari na vipuri ulikuwa mikononi mwa mashirika ya umma, na kibali cha fedha za kigeni kilikuwa na foleni yake. Kilichopatikana kilikuja kwa reli hadi Mwanza, kikapanda meli kwenda Bukoba, kisha kikapanda kilima. Malori ya Scania yaliunganishwa Kibaha, katika kiwanda cha TAMCO, lakini kuunganisha gari ni jambo moja na kulipatia vipuri miaka kumi baadaye ni jingine. Ndipo likazaliwa neno ambalo mafundi wa umri mkubwa bado wanalitumia: kuchinja gari. Gari moja lililokufa lilitoa viungo vyake ili mengine matatu yatembee. Manifoldi iliyopasuka ilichomelewa, ikapasuka, ikachomelewa tena, hadi ikawa na makovu mengi kuliko chuma chake cha asili.

Njia nyingine ilikuwa mpaka. Kahawa ilivuka kwenda Uganda, na vitu vilivyokosekana vikavuka kuja huku: sabuni, nguo, tairi na vipuri vya magari. Serikali iliita jambo hili magendo, na mwaka 1983, wakati Edward Sokoine akiwa Waziri Mkuu, msako wa wahujumu uchumi ukaanza nchi nzima, na sheria maalumu ikatungwa. Sitaki kuirudia hapa hukumu ya historia juu ya msako ule. Ninachosema ni kwamba mtu aliyekuwa na manifoldi mpya ya lori chini ya kitanda chake alikuwa na sababu ya kukosa usingizi, na kwamba fundi aliyefunga kipuri hicho hakuuliza kimetoka wapi. Desturi ya kutouliza ilianza hapo, na mimi naona ndiyo iliyotudhuru zaidi baadaye kuliko uhaba wenyewe.

Mwaka 1984 mlango ulifunguliwa kidogo. Serikali iliruhusu mtu mwenye fedha zake za kigeni aagize bidhaa bila kuulizwa amezipataje, na baada ya mapatano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986 mlango ukawa wazi. Magari yaliyokwisha tumika Japani yakaanza kumiminika, mengi yakipitia Dubai, na nyuma yake vikaja vipuri vya mtumba. Kisha ikaja mwaka 1994. Mwishoni mwa Aprili mwaka huo watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda kuingia Ngara katika muda wa siku moja hivi, na Karagwe nayo ikapokea makumi ya maelfu kambini. Mashirika ya misaada yalikuja na Land Cruiser na malori makubwa. Wakimbizi waliporudishwa makwao mwezi Desemba 1996, vijana wengi wa huku walikuwa wamekwisha kuyajua magari yale, wengine kwa kuyaendesha na wengine kwa kuyatengeneza.

Basi leo hali imegeuka. Lami ya Kyaka hadi Bugene, kilomita 59, ilijengwa katika miaka ya 2010. Kyerwa ilipata kuwa wilaya yake yenyewe mwaka 2012. Tangu mwaka 2005 Jumuiya ya Afrika Mashariki ina umoja wa forodha, na mtu wa Murongo au Nkwenda huona Kampala, lilikokuwa soko la Kisekka lenye sifa ya spea kwa miaka mingi, ni karibu kuliko Gerezani, Dar es Salaam, iliyo umbali wa kilomita 1,400 na zaidi. Vitu vimejaa. Tatizo si kukosa tena, tatizo ni kuchagua, na historia yetu haikutufundisha kuchagua.

Mteja huonyeshwa nini? Kwanza manifoldi mpya ya kampuni iliyotengeneza gari, ambayo kwa wengi ni ya kutazama tu. Pili, ya mtumba, iliyofunguliwa kwenye gari la Japani. Tatu, mpya ya kuiga, iliyosubiwa katika viwanda vya Asia, mingi ya Uchina, kwa bei ya chini. Nne, ile ya mabomba yaliyokunjwa na kuchomelewa, inayong'aa kama sufuria, ambayo vijana huipenda kwa kuwa wameiona kwenye magari ya mashindano.

Nianze na hii ya nne, maana ndiyo inayodanganya zaidi. Katika gari la mashindano ina maana yake: mabomba yenye urefu unaolingana hupeleka moshi kwenye tabo kwa mpangilio mzuri, na gari halibebi mahindi. Lakini mabomba ya bei ya chini huwa na unene wa milimita mbili au pungufu. Yakipata joto hurefuka, yakipoa hufupika, na wakati wote huo yamebeba tabo yenye uzito wa kilo kadhaa, barabara ikiitikisa. Yasipowekewa mkono wa chuma wa kuishikilia hiyo tabo, hupasuka kwenye mshono. Moshi wa injini ya dizeli yenye tabo, ikipanda mlima na mzigo, hufika nyuzi 600 au 700 za Selsiasi. Wa petroli huweza kukaribia 1,000. Kwa gari la kazi la Karagwe, mimi nasema iache hiyo ya kung'aa palepale dukani.

Ya mtumba iliyotoka kwenye gari la aina hiyo hiyo ndiyo ninayoiona bora kwa mtu wa kipato cha kawaida, kwa masharti. Chuma chake kilimiminwa na kiwanda kilichojua kinachofanya. Viwanda vikubwa huongeza silikoni, na kwa injini zenye joto kali molibdeni pia, ili chuma kivumilie moto. Aidha, kimekwisha kupata joto na kupoa mara maelfu, kwa hiyo kama kingekuwa na kasoro ya kuzaliwa ingekuwa imejitokeza. Hatari yake ni ufa usioonekana na kupinda. Ufa hutafutwa kwa njia ya kizamani ya gereji. Isafishe manifoldi kwa brashi ya waya, ipake mafuta ya taa, ngoja dakika chache, ifute ikauke kabisa, halafu ipake vumbi la chaki. Mafuta yaliyojificha ndani ya ufa yatatoka na kuchora mstari juu ya chaki. Njia nyingine ni sikio: initundike kwa kamba na uigonge kwa spana. Chuma kizima hulia. Kilichopasuka hutoa sauti ya kufa. Kupinda hutazamwa kwa kulaza rula ya chuma iliyonyooka juu ya nyuso zinazogusana na silinda hedi na kutazama mwanga upande wa pili. Imepinda kidogo? Karakana yenye mashine ya kusaga itainyoosha. Imepinda sana? Irudishe.

Muuzaji anayekukatalia kufanya majaribio hayo matatu amekwisha kukujibu.

Ile mpya ya kuiga si lazima iwe mbaya. Ziko nzuri. Lakini ipime kwa mizani pamoja na ile yako ya zamani. Ikiwa nyepesi kwa kiasi kikubwa, chuma kimebaniwa mahali fulani, na mara nyingi ni pale kwenye kiungo kinachobeba tabo. Weka gasketi juu ya matundu uone kama yanalingana, na hakikisha kiungo cha tabo kina umbo na idadi ya matundu ya bolti sawa na ya tabo yako. Kisha tazama ndani kwa kurunzi. Manifoldi husubiwa katika kalibu ya mchanga, na zile za haraka haraka hubaki na chembe za mchanga zimeshikamana ndani. Chembe moja ikijitoa injini inapopata moto, huingia kwenye gurudumu la tabo linalozunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika. Mtu aliyeokoa fedha kwenye manifoldi hununua tabo, nayo bei yake ni nyingine kabisa. Kwa hiyo ikwangue, ipulize kwa hewa ya kompresa, na uioshe kabla ya kuifunga.

Na kuchomelea je? Jambo hili halijafa, wala silibezi. Lakini welding ya chuma cha kusubu haifanywi kwa fimbo ya kawaida ya kuchomelea mageti. Hutaka fimbo ya nikeli, manifoldi ipashwe moto yote kwanza kwenye mkaa, ichomelewe vipande vifupi vifupi, kisha izikwe kwenye majivu makavu ipoe polepole hadi kesho yake. Ikipoa haraka, chuma kilicho kando ya mshono huwa kigumu kama kioo na hupasuka hapo hapo. Fundi anayekuahidi kuimaliza kabla hujanywa chai, mwambie ahsante, mfahamishe kwamba unayo haraka ya kwenda kwingine.

Kuna wenye magari wanaosema, mbona inapuliza tu na gari linatembea? Kweli linatembea. Manifoldi inayovuja kabla ya tabo huifanya tabo ikose nguvu, gari hupanda mlima likitoa moshi mweusi na kunywa dizeli zaidi. Hilo ni la mfukoni. La hatari ni moshi kuingia ndani kwa abiria, ukiwa na ile hewa ya sumu isiyo na harufu, na ule mwali unaopiga nyaya na mipira ya mafuta. Ukisikia mlio wa tik-tik asubuhi injini ikiwa baridi, unaopungua ikipata moto, na ukaona masizi meusi kando ya gasketi, hiyo ni manifoldi inakuita. Katika Hiace iliyojaza watu kutoka Kaisho kwenda Kayanga, dereva hana haki ya kuiambia ingoje msimu uishe.

Suala la risiti pia. Tume ya Ushindani ina kazi ya kupambana na bidhaa bandia, na malalamiko ya mnunuzi hupata miguu akiwa na karatasi yenye jina la duka, tarehe na maelezo ya kipuri. Aliyenunua gizani ng'ambo ya Murongo na kuvuka kwa njia ya panya hana pa kulalamika upande wowote wa mto. Miaka ya 1980 haikuwapo njia nyingine. Leo ipo.

Mwisho, kufunga. Nunua gasketi mpya na bolti mpya, maana bolti za zamani zimekwisha kulegea kwa moto na hukatikia ndani ya silinda hedi, balaa ambalo huligharimu gari wiki nzima. Kaza kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa zamu, si upande mmoja hadi mwisho. Kisha lipeleke gari Kyaka likiwa na mzigo wa wastani, lirudi likipanda, liachwe lipoe usiku kucha, na asubuhi, kabla injini haijawashwa, fundi apitie bolti zote tena kwa spana.